Chupa Tupu Katika Jicho la Nzi

Hotuba iliyotolewa Ishaka, wilaya ya Bushenyi, mbele ya walimu wa sayansi, wanafunzi na wazazi, katika juma la Siku ya Kiswahili Duniani.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Kabwohe na Mbarara asubuhi hii, na ninyi wanafunzi mlioketi sakafuni kwa sababu viti vimekwisha: hamjambo.

Nianze na mama mmoja wa sokoni hapa Ishaka. Mimi ni mteja wake wa ndizi za bogoya, lakini huwa namwomba zile zilizokwisha kupasuka ganda na kuanza kutoa maji. Siku ya kwanza alizishika, akanitazama, akasema, "Mwanangu, hizi hata mbuzi simpi zote. Unakwenda kuzifanyia nini?"

"Mama, nawalisha nzi."

"Nzi gani hao wa kununuliwa chakula?"

Nikamweleza: wale wadogo wenye macho mekundu, wanaojaa juu ya mtumbwi watu wanapokamua ndizi za tonto, pombe yetu ya ndizi. Aliwajua vizuri. Akazitia ndizi kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akafunga fundo, na kabla hajanipa akauliza swali la maana kuliko mengi niliyoulizwa na wasomi: "Na hao nzi, wanakuonyesha nini ambacho wewe huna macho ya kukiona?"

Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Leo nimepewa saa nzima, nami naomba nimjibu vizuri. Wananionyesha mafuta yakifanya kazi. Wananionyesha jinsi lipidi moja adimu iliyo kwenye utando wa seli inavyogeuza mwanga kuwa habari, na jinsi seli inavyokufa lipidi hiyo isipotengenezwa upya baada ya kutumika.

Kwanza tumjue mwenyewe. Si nzi wa chooni, wala si yule anayetoboa maembe na kuyatia funza, ambaye wakulima pia humwita nzi wa matunda. Huyu wangu ana urefu wa milimita 2 hadi 3, rangi ya asali, na macho mekundu kama tunda la kahawa lililoiva. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster. Hutafuta tunda lililoanza kuchachuka, kwa kuwa funza wake hula hamira iliyomo. Asili yake ni Afrika, kusini ya kati, kabla hajawafuata watu na matunda yao hadi kila bara. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba hii ni sayansi ya kuletwa: nzi mwenyewe ndiye aliyetoka huku akaenda kwao. Mwaka 1910, New York, Thomas Hunt Morgan alimwona dume mmoja mwenye macho meupe, na kwa kumfuatilia huyo akaonyesha kwamba jeni hukaa kwenye kromosomu. Habari hiyo imo katika madaftari yenu ya Senior 5, sitaikalia.

Jicho lake ni vijicho vipatavyo 750 vilivyopangwa kama sega la nyuki. Ndani ya kila kijicho mna seli 8 za kupokea mwanga. Kila seli imeotesha upande mmoja vijinywele vilivyobanana kama burashi, takriban 30,000 kwa seli moja. Ni vyembamba kiasi kwamba ukivipanga elfu moja, ubavu kwa ubavu, vyote vitaenea kwenye upana wa unywele mmoja wa kichwa chako. Ndani ya vijinywele hivyo ndimo mwanga unamopokelewa, na kuta zake ni za lipidi.

Hapa nataka tuende polepole. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba utando wa seli ni kama ua wa nyumba: unatenga ndani na nje, na una milango ya kupitishia vitu. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Katika lipidi zinazojenga utando huo, zipo chache ambazo kazi yake kubwa ni kupeleka habari. Mojawapo ina jina refu la kuchosha ulimi, fosfatidilinositoli bisfosfeti, na sisi tunaoishughulikia kila siku tunaiita PIP2 tu. Mikia yake miwili imezama ndani ya utando. Kichwa chake, chenye sukari ndogo iitwayo inositoli na fosfeti zake, kimeinamia upande wa ndani wa seli. Inakaa hapo inangoja kukatwa.

Fotoni moja, yaani chembe moja tu ya nuru, ikigonga protini ya rodopsini, rodopsini hubadilika umbo na kuiamsha protini nyingine iitwayo Gq. Gq nayo huamsha kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi C. Kimeng'enya hiki huifikia PIP2 na kuikata shingoni. Kichwa huelea kuingia ndani ya seli, mikia hubaki kwenye utando kwa jina jipya, diasilgliseroli, au DAG, na protoni moja huachiliwa papo hapo. Kisha milango iitwayo TRP na TRPL hufunguka, kalsiamu na sodiamu huingia kwa kishindo, na umeme wa seli hubadilika. Nzi ameona. Yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho lako. Taa ikiwaka na kuzimika mara mia kwa sekunde, wewe utaapa kwamba imetulia. Jicho la nzi huyu bado linaweza kuihesabu.

Tumejuaje haya, wakati hakuna hadubini ya kawaida inayoonyesha lipidi moja ikikatwa? Tumejua kwa kuharibu jeni moja moja na kutazama kilichoharibika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 William Pak, katika chuo kikuu cha Purdue, Marekani, aliwapa nzi kemikali inayobadilisha jeni, kisha akawapima machoni vizazi vyao, nzi baada ya nzi. Seymour Benzer na Yoshiki Hotta walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyo California. Pak hakumwuliza nzi kama anakimbilia taa. Aliusikiliza umeme wa jicho lenyewe.

Nataka mkione kipimo hicho kama ninavyokiona mimi. Unamlaza nzi juu ya barafu hadi atulie. Unambandika kwa nta laini ili asiweze kupiga mbawa. Chini ya hadubini unashusha sindano ya kioo iliyojazwa maji ya chumvi, nyembamba hadi ncha yake huioni kwa macho, na kuigusisha juu ya jicho, taratibu, mpaka uone uso wa jicho umebonyea kidogo tu kama godoro lililowekewa kidole. Sindano ya pili unaiweka mgongoni. Unazima taa za chumba. Unangoja dakika tano, na katika giza hilo unasikia pumzi yako mwenyewe. Kisha unawasha mwanga kwa nusu sekunde. Kwenye skrini mstari unaruka kidogo, unaporomoka, unakaa chini muda wote mwanga ukiwapo, na mwanga ukizimwa unapanda kurudi ulikotoka. Nimeona mstari huo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, na bado kila mara moyo wangu husimama kidogo.

Sasa mweke nzi mwingine, mwenye hitilafu katika jeni iitwayo norpA. Jina ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba kipokezi hakitoi mwitikio wowote. Washa mwanga. Mstari umelala. Ongeza mwanga mara kumi. Umelala vilevile. Ukimkagua siku anapotoka kwenye bundo, lile ganda ambamo funza hugeuka kuwa nzi, jicho ni zima, vijicho vyote vimepangika, rodopsini imo, milango imo. Mwaka 1988 jeni hiyo ilisomwa herufi zake, ikaonekana kuwa ndiyo inayotengeneza fosfolipasi C. Kilichokosekana kilikuwa mkasi wa kukatia lipidi, na kwa kukosa huo pekee nzi alizaliwa na macho yake mawili akiwa kipofu.

Nini hasa kinachofungua milango baada ya mkato? Hapa mabingwa bado wanabishana, na ubishi wenyewe ni mtamu. Wapo wanaosema ni DAG au asidi za mafuta zitokanazo nayo. Wapo wanaosema ni kupungua kwa PIP2 yenyewe pamoja na zile protoni. Mwaka 2012 Roger Hardie na Kristian Franze, Cambridge, walifanya jambo lililonifanya nisome makala yao mara tatu bila kuinuka. Waliweka kidole cha chombo kinachopima misukumo midogo mno juu ya seli za jicho la nzi, wakawasha mwanga, na seli zikasinyaa. Fikirini. PIP2 inapokatwa kichwa, utando unapungua eneo, vijinywele vinavutika kidogo, na huenda mvutano huo ni sehemu ya kinachoisukuma milango. Jicho la nzi huchezacheza likiona.

Naomba sasa nitege kitendawili changu mwenyewe. Kitendawili!

(Ukumbi: Tega!)

Duka langu hufa kwa njaa na hufa kwa shibe, na ugonjwa ni uleule mmoja: chupa tupu.

(Kimya. Mwanafunzi mmoja akajibu, "Duka la soda?")

Umekaribia, kijana wangu. Nipeni mji, niwaambie. Ni jicho la nzi. Lakini tupitie dukani kwanza, kwa kuwa jibu lako lina faida.

Mnajua soda ya chupa ya kioo inavyouzwa katika senta zetu. Mteja ananunua soda, chupa si yake. Anakunywa pale pale barazani, chupa inarudi kwenye kreti. Kreti ikijaa chupa tupu inapanda boda boda hadi depo, na boda inarudi na kreti ya chupa zilizojaa. Duka likiwa na wateja wengi na chupa tupu hazirudi depo, basi kufikia jioni hakuna soda, hata wateja wawe na pesa mikononi.

PIP2 ni soda iliyojaa. Fosfolipasi C ni kifungua chupa. DAG inayobaki kwenye utando ni chupa tupu. Depo ipo pia: chini kabisa ya vijinywele, umbali wa nanomita chache tu, umelala utando mwingine wa seli, retikulamu ya endoplazimu, na huko ndiko lipidi inakojengwa upya. Kila hatua ya safari hiyo ina mfanyakazi wake, na karibu kila mfanyakazi tumemjua kwa sababu nzi fulani alikosa kuwa naye.

Wa kwanza ni rdgA. Huyu ndiye anayeokota chupa tupu: huipachika DAG fosfeti moja ikawa asidi ya fosfatidi. Yuko mwingine, laza, anayefanya kinyume chake, anaing'oa fosfeti hiyo na kuirudisha DAG, na kwa kusukumana kwao wawili hesabu inakaa sawa. Asidi hiyo ikifika depo, jeni iitwayo cds inatoa kimeng'enya cha kuitayarisha lipidi hiyo, kingine kinaipachika inositoli mpya, na sasa tuna fosfatidilinositoli, soda isiyo na gesi tuseme. Hapo anaingia rdgB, ambaye ndiye boda boda wetu. Ni protini inayokaa mahali depo na utando wa kijinywele vinapokaribiana, inaibeba lipidi kifuani mwake na kuivusha ule upenyo mdogo. Ikishavuka, vimeng'enya viwili vinaiongezea fosfeti moja moja, na PIP2 imerudi rafuni, tayari kwa fotoni inayofuata.

Herufi rdg zinasimama kwa kuoza kwa retina. Jeni hizi zilipewa majina kabla ya mtu kujua kazi zake: watu waliona tu kwamba nzi akikosa rdgA au rdgB, seli zake za jicho zinakufa. Na hapa ndipo penye utajiri wa habari yangu yote, kwa sababu wagonjwa hawa wawili hufa kwa njia tofauti kabisa, ingawa wamekatika kwenye barabara moja.

Chukueni rdgA. Nzi asiye nayo hutoka kwenye bundo na seli zake za mwanga zimekwisha kuanza kuharibika. Mlee kwenye giza, zinakufa. Mlee kwenye mwanga, zinakufa. Kwa miaka mingi maelezo yaliyoaminika yalikuwa kwamba zinakufa kwa njaa: chupa tupu haziokotwi, basi PIP2 inakwisha. Ni maelezo mazuri, yana akili. Lakini kama ni njaa, kwa nini giza haliwasaidii, wakati gizani hakuna kinachouzwa? Mwaka 2000 Padinjat Raghu, Hardie na wenzao walipima umeme wa seli hizo zingali changa, moja moja, wakakuta milango ya TRP imefunguka wakati wote, hata gizani. Kalsiamu ilikuwa ikiingia usiku na mchana bila kukoma. Seli zilikuwa zinakufa kwa mafuriko. Wakafanya jaribio ambalo ni la jenetiki tupu, na kwangu mimi ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi niliyowahi kusoma. Wakamchukua nzi asiye na rdgA wakamwondolea na jeni ya trp pia. Hitilafu mbili ndani ya nzi mmoja. Mtu angetarajia nzi aliyeharibika maradufu. Seli zake zikaokoka.

Nadhani mnaelewa kwa nini nasema duka hili hufa kwa shibe. Chupa tupu zilizorundikana mlangoni zilizuia mlango usifungwe. Ukiung'oa mlango wenyewe ukaziba kwa tofali, mafuriko yanakoma. Mwaka 2002 kundi hilo la Cambridge likaenda mbele: nzi ambaye fosfolipasi C yake imebaki ya chembechembe tu, kiasi cha kuwa karibu kipofu, ukimpunguzia rdgA anaanza kuitikia mwanga tena, kwa kuwa hata kile kidogo kinachokatwa hakiokotwi upesi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Jeni moja pekee, ukiitazama bila wenzake, itakudanganya.

Sasa rdgB, aliyekosa boda boda. Huyu ndiye anayeonekana kufa kwa njaa. Mwanga humharakishia mwisho wake, giza humcheleweshea. Ukikilea kichupa kimoja kwenye mwanga na kingine umekizungushia karatasi ya alumini, katika juma moja utaona tofauti. Na mkumbuke nzi kipofu wa norpA tuliyemwacha pale na mstari wake uliolala. Mpe rdgB huyu hitilafu ya norpA juu yake, na seli zilizokuwa zikifa kwenye mwanga zinanusurika. Bila kifungua chupa hakuna kinachouzwa, na duka lisilouza halihitaji boda. Haoni, ila seli zake ziko hai.

Yupo wa tatu sitaki kumruka, naye ni trp. David Cosens na Aubrey Manning walimwandika mwaka 1969, Edinburgh. Nzi huyu katika mwanga hafifu anaona. Mwangaza ukiwa mkali, mstari wake kwenye skrini unaanza vizuri, unaporomoka kama wa mwenzake, kisha ndani ya sekunde chache unapanda kurudi juu ingawa taa bado inawaka. Mwanga upo, yeye ameingia gizani. Jina la TRP lilikuja mwaka 1975 kutoka kwa Baruch Minke na wenzake, kutokana na mwitikio huo usiodumu, na jeni yenyewe ikasomwa mwaka 1989 na Craig Montell na Gerald Rubin. Ungedhani maelezo ni mepesi: amekosa mlango mkuu, amebaki na ule mdogo wa TRPL. Lakini mwaka 2001 ilionekana kwamba kuna jambo la ndani zaidi. Kalsiamu inayopita kwenye mlango wa TRP ndiyo inayomwambia kifungua chupa apunguze kasi. Bila mlango huo, hakuna wa kumzuia. Anafungua chupa zote zilizomo dukani hadi ya mwisho, na PIP2 inamalizika. Nzi wa trp anapofuka kwenye mwanga mkali kwa sababu mafuta yamemwishia. Mwache gizani kidogo, yanajengwa upya, anaona tena.

Na siku hizi tunaweza kuitazama PIP2 kwa macho. Wataalamu wameunganisha kipande cha protini kinachoishika PIP2 na protini inayong'aa kijani. Ukimweka nzi aliye hai chini ya hadubini, katikati ya jicho lake unaona doa la kijani. Mpige mwanga mkali: doa linafifia, maana PIP2 imekatwa. Kaa naye gizani, na baada ya dakika chache doa linarudi. Kwa nzi wa rdgB linarudi kwa kusuasua. Nilipoliona kwa mara ya kwanza nilikaa pale hadi mlinzi akaja kugonga mlango.

Niwape kisa kimoja changu, kwa sababu wanafunzi hudhani kosa la maabara ni aibu. Tulikuwa na kichupa cha norpA ambao pia tuliwachagua wenye macho meupe, kwani rangi nyekundu ya jicho hunywa mwanga na kutuharibia kipimo. Nilikuwa nimeacha bogoya zangu kwenye meza ileile, na dume mmoja wa mtaani mwenye macho mekundu aliingia humo wakati nikibadilisha chakula. Sikumwona. Baada ya wiki mbili nikawapima kwa bomba: upande mmoja giza, upande wa pili taa. Vipofu wangu, karibu nusu yao, wakakimbilia taa.

Ningekimwaga kichupa chote nikalala. Lakini nikawalaza kwenye barafu nikawatenga mmoja mmoja kwa brashi. Waliokimbia wote walikuwa majike wenye macho mekundu. Waliobaki gizani, karibu wote walikuwa madume wenye macho meupe. Walimu, mmeshaona. Jeni ya norpA na ile ya macho meupe zote mbili zimekaa kwenye kromosomu X. Binti alipokea X moja nzima kutoka kwa baba yule mvamizi, ikatosha kumpa rangi na kumpa kuona. Mwana wa kiume hana X ya baba; alichonacho ni cha mama tu, akarithi weupe na upofu kwa pamoja. Alichokiona Morgan mwaka 1910 kilikuwa kimelala juu ya kitambaa changu cheupe, Bushenyi. Tangu siku hiyo ndizi zinakaa chumba kingine, na kisa hicho nakifundishia hadi leo.

Najua wazazi wanauliza: na mtoto wangu anapata nini hapa? Swali ni la haki. Macho yetu hayafanyi kazi hasa kama ya nzi. Seli zetu kuu za kuonea hutumia njia nyingine isiyopitia PIP2. Lakini nyuma ya jicho lako kuna seli chache zinazopokea mwanga ili kuuambia mwili kwamba kumekucha au kumekuchwa, na zimechunguzwa katika panya: zinatumia fosfolipasi C na milango ya jamii ya TRP, njia ya nzi kabisa. Na ile TRP iliyotajwa kwanza kwa nzi anayepofuka kwenye mwanga mkali ina ndugu 27 katika mwili wa binadamu. Mmoja wao ndiye anayekufanya uhisi ulimi unaungua ukila pilipili. David Julius na wenzake walimtambua mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Mzunguko wa PIP2 wenyewe upo katika kila seli yako, kwenye ubongo, kwenye figo, kwenye moyo. Karibu robo tatu ya jeni zinazojulikana kuhusika na magonjwa ya binadamu zina mwenzake ndani ya nzi huyu. Sisemi nzi atamponya mtu kesho asubuhi. Nasema anaruhusu swali liulizwe.

Na linaweza kuulizwa hapa. Kozi za kuwafundisha watafiti wa Afrika kutumia nzi huyu zimefanyika hapa hapa Ishaka, katika kampasi ya magharibi ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kwa juhudi za mradi wa DrosAfrica. Chakula cha nzi ni unga wa posho, sukari, hamira na kitu cha kugandisha. Kwenye nyuzi joto 25 yai huwa nzi kamili katika siku zipatazo kumi; kwa baridi ya huku hukawia siku kadhaa, si hasara. Nzi wenye hitilafu huagizwa kutoka ghala la Bloomington, Indiana, wakasafiri ndani ya vichupa kwa posta. Bomba la kupimia nani anakimbilia taa mtalitengeneza kwa chupa mbili za maji za plastiki na gundi ya karatasi. Umeme ukikatika usiku, na mnajua unavyokatika, nzi hawa hawafi. Maabara niliyokuwamo ilishakaa siku mbili bila umeme na hatukupoteza hata kichupa.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza mlangoni kwa nini nimekubali kuyasema haya kwa Kiswahili. Mimi nilizaliwa Busia, mpakani. Hesabu nilijifunza kwa lugha hii, sokoni, nikirudisha chenji kwa wateja wa pande mbili. Kwa miaka niliyasema mambo haya kwa Kiingereza, na nilipojaribu kuyasema kwa Kiswahili niligundua mahali nilipokuwa sielewi. Sikuwahi kujiuliza chupa tupu inakaa wapi hadi nilipolazimika kuiita chupa.

Kule nyuma, karibu na dirisha, kuna meza yenye hadubini mbili na vichupa vitatu vya utepe mwekundu. Njooni wawili wawili, na msipumue juu ya nzi, wataamka. Taa imewekwa nyuma ya kichwa chake. Shusheni lenzi polepole hadi uso wa jicho upotee na mwone nukta zinazong'aa ndani yake, zimejipanga kama meza iliyopinda upande mmoja. Zihesabuni. Seli ni 8 lakini nukta ni 7, kwa kuwa mbili zimepandana, moja juu ya nyingine. Kichupa cha kwanza ni nzi mzima. Cha pili ni norpA, naye akiwa mchanga hivi mtaziona zote saba, zinang'aa vizuri, na haoni kitu. Kwenye kichupa cha tatu mtatafuta nukta mzikose. Msiisafishe lenzi. Huyo ni rdgA.